Kuhamisha haidrenjia: shimo pana, si refu

Mizizi ya haidrenjia, kichaka cha maua ya buluu au waridi, haizami. Ni nyuzi nyembamba zilizotapakaa karibu na uso wa ardhi, na anayeichimbia shimo refu kama la mwembe huizika hai.

Ngoja mvua zishike, mwishoni mwa Machi au mwezi wa tisa. Jioni ya kabla ya kung'oa, mwagilia shina nusu jerikeni. Mche wa urefu wa goti ukatie duara kwa sepeto, sentimita 30 kutoka kwenye shina, kisha chomeka sepeto kwa chini na uubebe juu ya gunia pamoja na bonge lake la udongo. Usiuvute kwa shina. Bonge likipasuka, nyuzi zimeshakatika.

Shimo liwe na upana mara mbili ya bonge, kina kilekile cha bonge. Changanya ndoo moja ya samadi iliyooza na ndoo tatu za udongo uliotoka. Samadi mbichi huunguza mizizi. Jaza nusu, mimina maji, yakizama malizia kujaza. Udongo ufike pale ulipokuwa zamani, usipande juu ya shina, maana shina likifukiwa huoza.

Tandaza maganda ya kahawa au majani makavu ya migomba, unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Chungulia chini yake mara kwa mara, mchwa hawachelewi.

Saa saba mchana majani yatalegea. Hapa ndipo wengi hukimbilia maji na kuua mche. Chomeka kidole kwanza: kama udongo una unyevu, uache, jioni utasimama. Asubuhi ukiukuta bado umelegea, ndipo uupe lita 10 na uutilie kivuli cha makuti au matawi.

Mahali pazuri ni penye jua la asubuhi hadi saa tano hivi, baada ya hapo kivuli. Nyanda za juu za Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, kwa baridi yake ya usiku, huipa maua kwa urahisi. Kampala, mche huweza kunawiri majani tu, kwa sababu vichomozo (machipukizi) vya maua hupenda ubaridi. Na usiukate ovyo: maua hutoka hasa kwenye matawi ya zamani, kwa hiyo ondoa kichwa kilichokauka tu, juu ya jozi ya kwanza ya vichomozo vilivyonona.

Majivu ya jikoni yasiende kwenye udongo wa haidrenjia kama unataka maua ya buluu. Hupunguza uchachu (asidi) wa udongo, mizizi ikakosa alumini, na maua yakageuka ya waridi.