Kidonda Kisichouma

Binti yangu alikuwa anatafuta cheti chake cha kuzaliwa kwenye lile begi la makaratasi, akaibuka na kadi yangu ya kliniki. "Mama, kaswende ndiyo nini? Mbona wameandika umetibiwa?" Yuko darasa la saba, anasoma kila kinachosomeka. Nikamwambia alete cheti, kadi aiache.

Mimba yenyewe ilikuwa ya kwake yeye. Tulikuwa bado Mpunguzi, msimu wa zabibu, nikatokwa na kidonda kimoja ndani ya mdomo wa chini. Cha duara, kingo ngumu kama kifungo cha shati. Hakikuuma. Mama mkwe akasema ni ukali wa zabibu mbichi, nisukutue maji ya chumvi. Nikasukutua, kikapona, sifa zote zikaenda kwa chumvi. Kumbe kile hupona chenyewe baada ya wiki kadhaa, huku ugonjwa ukiendelea kutembea mwilini. Kliniki nilishaanza, ila siku ile vitendanishi vilikuwa vimeisha: rudi mwezi ujao.

Niliporudi nikamkuta nesi mwingine, mama wa makamo. Alikuwa anajaza kadi, akaacha kuandika. Nadhani ni sauti yangu, ilikuwa inakwaruza.

"Mama kijacho, hebu fungua mdomo."

Akawasha tochi ya simu. "Toa ulimi. Pandisha juu." Akasukuma shavu kwa kijiti. Yale mabaka ya kijivu, yenye unyevunyevu, nilikuwa nayaona kila siku kwenye kioo nikijua ni utando tu. Kisha akasema, "Nipe mikono." Nikampa kama ninayesalimia, akavigeuza viganja juu. Vilikuwa na vidoa vya rangi ya shaba, hata kimoja hakiwashi. Akavitazama bila haraka, foleni inaguna nje.

"Kabla ya haya hukutoka kidonda?"

"Nilitoka mdomoni, lakini hakikuuma."

"Kingeuma ungekuja."

Tone la damu kidoleni, mistari ikatoka. Alinieleza bila kuzungusha: wadudu hawa hupita kwenye kondo wakamfikia mtoto, mimba inaweza kutoka au mtoto akazaliwa amekufa. Ila penisilini inatibu, na kwa mjamzito ndiyo dawa yenyewe. Nikachomwa siku hiyohiyo, kila tako na sindano yake. Akanionya kwamba usiku ningeweza kupata homa, na kweli niliipata.

"Na baba mtoto aje," akasema.

Alikuja. Hakuwa na kidonda, hakuwa na doa, alikuwa na maswali. Akauliza kama hakuna ya vidonge. Alipotoka alipanda bodaboda kwa ubavu, na nyumbani mama yake alipomuuliza mbona anachechemea, akasema mpira.

Nani alianza, tulilianza hilo swali mara nyingi bila kulifikisha popote. Watu huniambia nina moyo wa kusamehe. Mimi nadhani mtoto alizaliwa, akapimwa, akaonekana mzima, na mimi nikachoka.