Njiti ya Ufagio

Mwaka 2013 nilipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi wilayani Kongwa, Hisabati darasa la sita. Siku mkufunzi alipokuja kunikagua, mada ilikuwa takwimu kwa mihimili, yaani kila idadi inachorwa kama nguzo iliyosimama. Kitabuni kulikuwa na mfano wa maembe na machungwa. Nikaona maembe yamechosha. Matokeo ya sensa ya Tanzania ya Agosti 2012 yalikuwa bado ya moto, nami nilitaka kung'ara mbele ya mgeni.

Nikaandika ubaoni: 2002, watu 34,443,603. 2012, watu 44,928,923.

Shida ilikuwa ubao wenyewe. Chini ulikuwa umechubuka, chaki haishiki. Nikajiambia, milioni 30 za mwanzo zipo pande zote mbili, za nini kuzichora? Mstari wa wima nikauanzisha kwenye 30, kila milioni sentimita 5. Mhimili wa kwanza ukatoka kama sentimita 22, wa pili ukakaribia 75. Nikapaka mmoja bluu, mwingine nyekundu. Mkufunzi, aliyebanwa kwenye dawati la nyuma magoti juu, alikuwa anaandika tu.

"Mnaona nini?"

"Watu wameongezekaaa!"

"Kwa kiasi gani?" Swali hilo halikuwemo kwenye andalio la somo. Lilinitoka tu.

Binti mmoja akachomoa njiti kwenye ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, akaja mbele, akaikata ilingane na mhimili mfupi. Kisha akaipandisha kwenye ule mrefu: moja, mbili, tatu, na kipande. "Mara tatu na zaidi, mwalimu."

Wenzake wakampigia makofi. Nami mikono ilishainuka nipige, ndipo jicho likaangukia namba. Milioni 34 mara tatu inapita 100! Nchi ya watu zaidi ya milioni 100 nilikuwa nimeichora mimi, kwa chaki ya rangi. Binti hakukosea hata kidogo, alipima alichoonyeshwa.

Ningeweza kumwambia asome namba za pembeni, nilikuwa nimeziandika vizuri. Lakini nani asome namba akishawekewa mihimili miwili, bluu na nyekundu? Grafu ya mstari pengine ingenisitiri, maana pale jicho hufuata mwinuko. Mhimili hupimwa kwa urefu wake wote, nami nilikuwa nimeukata miguu.

Nikafuta. Nikachovya chaki kwenye maji, maana ikilowa hung'ang'ania hata pale palipochubuka, nikaanza na sifuri, sentimita 1 kwa milioni 1. Ikatoka mihimili miwili mifupi, 34 na 45, isiyomshtua mtu.

"Mwalimu, mbona sasa wamepungua?" akauliza mmoja wa dirishani.

Nyuma kule nikasikia mkufunzi anakohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Binti alikuwa tayari ana njiti mpya. Akapima. "Moja na kipande," akasema, na safari hii hakusubiri makofi.

"Hicho kipande ni watu wangapi?"

Madaftari yakafunguliwa, wakaanza kutoa kuanzia mamoja. Mpaka rimu la lori lililoning'inizwa kwenye mwarobaini linagongwa kuashiria mapumziko, ndiyo kwanza walikuwa wanakopa kwenye laki.