Dola 220 za kulia

Jana imeingia bili ya mshauri nasaha: dola 220 kwa dakika 50. Nimesimama nayo jikoni koti sijavua. Hela hiyo ukishuka nayo sokoni Mwaloni Kirumba, kwetu Mwanza, mnajua wenyewe unatoka na dagaa kiasi gani. Mimi nimelipa ili nikae kwenye kiti niongee na mtoto wa miaka tisa, na mtoto huyo ni mimi.

Ilianzia kwenye bwawa. Hapa Edmonton, Kanada, niliandikisha binti yangu kujifunza kuogelea. Siku ya kwanza, alipozamisha kichwa tu, miguu ikaniisha nguvu. Nikapiga kelele atoke, kwa Kiswahili, mbele ya wazazi wa watu. Mwalimu wao, msichana mdogo tu, hakuniuliza kitu. Alileta kiti akakiweka mbali na maji, akakaa nami mpaka mikono ilipoacha kutetemeka. Wema ule ndio ulionipeleka kwa mshauri.

Watu wa Mwanza mmeshaelewa. Tarehe 21 Mei 1996.

Mama alikuwa anafuata ndizi Bukoba, na safari ile alipandia Kemondo. Meli ya MV Bukoba ikapinduka asubuhi Ziwa Victoria, ikiwa imebakiza kidogo tu kufika kwetu. Tukawasikia wakubwa wakisema kuna watu wanagonga mle ndani, halafu kwamba wametoboa chuma, hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Walidhani sisi watoto hatusikii. Kule kugonga nimelala nako miaka yote.

Msibani mama mdogo alinishika mabega: “Wewe ndiye mama yao sasa. Ukilia, na wadogo zako watalia.” Sikulia. Nilikoroga uji. Watu wakanisifu, huyu mtoto ana moyo mgumu! Sifa hiyo nimeibeba karibu miaka 30 nikidhani ndiyo tabia yangu.

Mshauri akanieleza habari ya utafiti wa Marekani uliochapishwa 1998: maelfu ya watu wazima waliulizwa yaliyowapata utotoni, vipigo, matusi, ulevi wa nyumbani, na kadiri mtu alivyopitia mengi ndivyo maradhi ya ukubwani yalivyoongezeka. Nikamjibu mimi sikupigwa, nililishwa, nilisomeshwa. Akaniuliza: “Na yule mtoto nani alimbembeleza?” Sikuwa na jibu.

Basi kazi yenyewe ni hii. Unatafuta picha yako ya utotoni. Unamwandikia yule mtoto barua, kisha unajibu kwa niaba yake kwa mkono usiouzoea, ili maneno yatoke yakiwa machache na ya kitoto. Niliona ni mambo ya Wazungu wenye muda. Mkono wa kushoto ukaandika: “Nimechoka kukoroga uji.” Nililia mpaka dakika 50 zikaisha, na sasa nasema hela ile haikupotea.

Mnaopanga kuja, sikilizeni. Daktari utamwona kwa kadi ya afya ya jimbo bila kulipa, lakini mshauri wa binafsi ni mfuko wako. Kabla hujasaini mkataba wa kazi uliza bima yao inatoa kiasi gani kwa ushauri nasaha. Yangu ni dola 500 kwa mwaka, hesabuni wenyewe vikao vingapi. Na msidhani ukipanda ndege jeraha linabaki Nyakato. Huku hakuna jirani wa kukugongea mlango, jioni ya baridi mnabaki wawili, wewe na hilo jeraha.

Juzi nikampigia mama mdogo. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote. Kwanza alikasirika: “Unalipa hela ukalie kwa watu?” Kisha akanyamaza, nikadhani mtandao umekata.

“Nilikuwa na miaka 21, mwanangu. Dada yangu yuko majini, watoto watatu mnanitazama. Na mimi nani aliniambia nilie?”

Hasira niliyokuwa nimemwekea sikuiona tena ilipo. Tulilia wote kwenye WhatsApp, ikikatika tunapigiana.

Mei 21 atakwenda makaburini Igoma. Nimemtumia picha ya ile barua ya mkono wa kushoto, mdogo wangu ataichapisha stationery. Aliuliza tu kama aiache pale kaburini au aisome. Nimemwambia asome, kwa sauti.