Siku moja maishani mwangu: lita 8 kwenye injini ya lita 4

Saa 11:15 alfajiri

Ni Julai, na baridi ya Nairobi imepenya hadi ndani ya blanketi. Kabla sijawasha jiko nasikiliza ujumbe wa sauti ulioingia usiku. Ni mwalimu mmoja wa Kitengela aliyepewa namba yangu na jirani yake. "Fundi, gari langu lilifanyiwa sevisi Jumamosi. Tangu jana linatoa moshi hadi watu barabarani wananipungia mkono. Nimelirudisha kulekule, wakaniambia ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe, nitafute shilingi 140,000. Naomba wewe ulitazame kwanza."

Nimeusikiliza mara mbili. Neno lililonikaa kichwani ni Jumamosi. Ringi, zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande kwenye silinda, hulika polepole, miaka na miaka, na mwenye gari huanza kwa kuongeza nusu lita hapa na nusu lita pale. Hazifi zote kwa mpigo siku ambayo gari lilikuwa juu ya jeki.

Nimemjibu aje, ila aendeshe taratibu, na taa nyekundu yenye picha ya birika ikiwaka azime injini hapohapo.

Saa 12:40 asubuhi

Matatu kutoka Umoja, Jogoo Road ikiwa imefunga kama kawaida. Nashuka City Stadium na kuteremka Lusaka Road kwa miguu hadi Eneo la Viwandani. Chai ya kibandani na chapati mbili. Kijana ninayemfundisha kazi ameshafungua lango na kufagia.

Saa 2:10 asubuhi

Gari la kwanza ni Probox ya kijana anayesambaza mayai. Alibadilishiwa oili jana jioni mtaani kwao, asubuhi akakuta doa chini ya gari lenye upana wa sinia. Kijiti cha kupimia kinaonyesha oili iko chini ya alama ya chini kabisa.

Nimelala chini na tochi. Oili imetapakaa kila mahali, na hapa ndipo wengi hupotea. Gari likikimbia, upepo huirusha oili nyuma, kwa hiyo pale palipolowa zaidi si lazima pawe ndipo panapovuja. Tunapangusa chini kote kwa kitambaa chenye petroli mpaka chuma king'ae, tunaongeza oili ifike alama, halafu namwambia kijana wangu awashe injini. Ikinguruma pole hakuna kitu. "Kanyaga kidogo." Injini ilipofika kama mizunguko 2,500 kwa dakika nikaiona: uzi mwembamba wa oili unaruka kutoka ukingoni mwa filta.

Nikaifungua filta na kupapasa kwa kidole pale inapokaa. Mpira wa filta ya zamani ulikuwa umebaki umeng'ang'ania injini, na filta mpya ikafungwa juu yake. Mipira miwili ikilaliana haishiki. Inaweza kuvumilia presha ndogo, kisha ikatema yote ukiwa barabarani. Nimeubandua na kumwekea mwenye gari kiganjani: mweusi, umekakamaa kama plastiki, bapa upande mmoja.

"Na mimi nilidhani nimeuziwa filta feki."

Haikuwa feki. Nimepaka oili mpira mpya, nikafunga kwa mkono mpaka ukagusa chuma, kisha robo tatu ya mzunguko, basi. Filta haihitaji nguvu za mtu mwenye hasira.

Neno moja kuhusu kujaza. Injini ya Probox hii, ikibadilishwa oili pamoja na filta, inachukua lita 3.7. Galoni ya dukani ni lita 4. Wateja wengi husimama pale na kutaka galoni imiminwe yote, kwa kuogopa kwamba fundi atabaki na kitu. Nawaelewa, wameshaibiwa. Lakini dawa ni kupewa kile kilichobaki ukaenda nacho nyumbani. Kukinywesha injini si dawa.

Saa 4:05 asubuhi

Mwalimu amefika na Forester yake, mfano wa 2010, giaboksi otomatiki ya gia 4. Moshi wake umetangulia kuingia langoni, wa samawati iliyochanganyika na weupe. Kijana wangu amenitazama akanong'ona, "Mama, hii si ringi kweli?"

Nikamwambia tusubiri. Tumeliegesha pale sakafu iliponyooka, tukazima, tukaacha dakika 10 oili ishuke. Nikamkaribisha Mwalimu kwenye benchi na kumuuliza maswali. Kabla ya Jumamosi lilikuwa linakula oili? Hapana. Walibadilisha nini? Oili na filta tu. Kuna kingine anachokihisi akiendesha? Akafikiri kidogo. "Fundi, nikiweka D linakaa kwanza, kama linawaza, ndipo linaondoka. Na kwenye mlima injini inanguruma lakini gari halivuti. Wale nilipowaambia walisema ni hiyohiyo injini imechoka."

Hapo moyo uliruka, kwa sababu moshi na giaboksi kuteleza ni mambo mawili tofauti, na yote mawili yameanza siku moja.

Nimechomoa kijiti cha injini, nikakifuta, nikakirudisha, nikakitoa tena polepole. Kina alama mbili, L na F, na kati yake ni kama lita moja. Oili ilikuwa imepanda juu ya F kwa upana wa vidole vinne vizima. Rangi yake si ya dhahabu kama oili ya siku tatu, wala si nyeusi kama ya zamani. Ilikuwa kahawia ya katikati, na vipovu vidogo vikining'inia kama povu la sabuni. Nikaenda kwenye kijiti cha giaboksi. Nikawasha injini, nikaiacha ipate moto, lever ikiwa P, kama inavyopaswa kupimwa. Kikavu. Nimekifuta na kukitumbukiza mara tatu, kila mara kinatoka kikavu.

Nikamwita Mwalimu aone mwenyewe. Nikampeleka chini ya gari na tochi, maana ni haki yake, akainama na kanzu yake ya kazini bila kujali. Nati ya kumwagia oili ya injini iko mbele, chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Nati ya kumwagia ATF, yaani oili ya giaboksi, iko nyuma zaidi. Zote mbili zinashikwa na spana namba 17. Nati ya mbele ina vumbi na matope yaliyoganda, hakuna spana iliyoigusa karibuni. Ya nyuma inang'aa, na ina mikwaruzo mipya pembeni.

Kilichotokea basi ni hiki. Walibadilisha filta, kweli, ni mpya. Lakini walifungua nati isiyo yake, wakamwaga ATF wakidhani ni oili ya injini, kisha wakamimina zaidi ya lita 4 mpya juu ya ile ya zamani iliyokuwa bado imo. ATF mpya ni nyekundu, mtu angeshtuka. Ikizeeka hugeuka kahawia, na ndani ya karai lenye masizi ya oili za jana macho hayatofautishi.

Mwalimu aliuliza kwa nini moshi, kama oili ni nyingi na si kidogo. Nikamweleza kama ninavyomweleza kijana wangu. Oili ikizidi sana, shafti kubwa ya injini inayozunguka huifikia na kuipiga kama mwiko unavyopiga uji. Inajaa hewa na kuwa povu. Presha ndani ya injini inasukuma mvuke na matone yake kupitia bomba la pumuo hadi kwenye njia ya hewa, yanaingia kwenye silinda na kuungua pamoja na petroli. Ndio huo moshi. Ubaya zaidi ni kwamba povu halilainishi chuma kama oili, kwa hiyo injini yenye oili ya kupindukia inaweza kulika kama ile isiyo na oili.

Tumefungua nati ya mbele na kukinga kwenye ndoo yenye vipimo. Ilitoka lita 8 na robo. Injini hii ni ya lita 4 na kidogo. Mwalimu aliipiga picha ndoo hiyo, mara mbili.

Saa 6:20 mchana

Mwalimu alitaka kwenda kule gereji mara moja. Nikamwomba nipige simu mimi kwanza, fundi kwa fundi.

Aliyepokea alianza kwa ukali. Nikamsomea vipimo: vidole vinne juu ya F, lita 8 na robo, kijiti cha giaboksi kikavu, nati ya mbele ina matope. Kimya. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Ni mwanafunzi wangu, na mimi sikukagua." Amekubali kulipa oili, ATF, filta na kazi yangu. Akauliza pia nati hizo atazitambuaje siku nyingine, nikamweleza mpaka akaelewa.

Sikumpigia kelele kwa sababu ninaijua sauti ile. Mwaka 2011 nilimaliza sevisi ya gari moja jioni, nati ya sampu nikawa nimeikaza kwa mkono tu, nikaitwa kushika kazi nyingine, nikasahau spana. Mwenye gari alifika Mlolongo. Nati ilianguka, oili ikaisha, injini ikakwama. Nilimlipa kidogokidogo kwa miezi 14. Tangu hapo kila nati ninayokaza naipaka mstari wa rangi nyeupe, na kijana wangu haruhusiwi kushusha gari kabla sijauona mstari huo kwa macho yangu.

Saa 7:30 mchana

Githeri, haraka. Vitz imeletwa inagonga kila asubuhi ikiwashwa: imewekewa oili nzito, 20W-50, wakati kitabu chake kinataka nyepesi, 5W-30. Injini hizi zina njia nyembamba za oili, hasa zile za kuendesha vali, na oili nzito huchelewa kufika. Tumeibadilisha, basi.

Kijana wangu amerudi kutoka Kirinyaga Road na ATF na filta. Nimekagua mihuri ya makopo moja baada ya jingine.

Saa 9:00 alasiri

Injini ya Forester imepata oili mpya mpaka nusu ya kijiti, sijaijaza hadi F makusudi, nitaongeza baada ya kuiendesha. Bomba la hewa tumelifungua tukakuta oili imetuama ndani, tukalisafisha. Giaboksi nimeiongezea lita 4 kupitia tundu la kijiti, nikawasha, nikapitisha lever P, R, N, D polepole huku nimekanyaga breki, kisha nikapima. ATF iliyokuwa imebaki ndani niliinusa: imekolea rangi lakini hainuki kuungua. Hilo lilinipa pumzi.

Kisha nikatoa swichi ya presha ya oili na kufunga geji mahali pake. Wengi huiruka hatua hii, lakini injini iliyokunywa povu siku tatu sitaiachia kwa kukisia. Kipimo chetu ni presha ya kama psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Ikiwa moto, injini ikinguruma pole, ilisoma 15. Kwenye 3,000 ilisoma 45, sindano imetulia, haitetemeki.

Nimeliendesha na Mwalimu kupitia Enterprise Road hadi Mombasa Road. Dakika chache za kwanza moshi uliendelea, ni oili iliyobaki kwenye bomba la kutolea moshi ikiungua. Ukapungua. Ukaisha. D ikashika mara moja. Kama moshi usingeisha ningepima kompresheni, yaani mbano, ya kila silinda, na hapo ndipo tungezungumza habari za ringi.

Sikumwahidi kwamba giaboksi haikuumia. Nimemwambia arudi baada ya kilomita 500 nimwage ATF nione kama ina chembe za chuma. Ameshika mkono wangu kwa mikono miwili, ukiwa na oili hivyohivyo.

Saa 11:40 jioni

Lita 8 zile zimeingia kwenye pipa la oili chafu pamoja na za wengine, linalochukuliwa na watu wenye leseni. Mitaro ya hapa inaelekea Mto Ngong, na kuna watu wanaotumia maji yale huko chini.

Saa 2:50 usiku

Niko nyumbani, nimeloweka mikono. Simu. Dereva wa teksi, yuko Thika Road karibu na Roysambu, sevisi ilikuwa leo asubuhi, taa ya birika imewaka.

"Zima."

"Fundi, nimebakisha kilomita 2 tu nifike."

"Zima sasa, kaka. Taa hiyo ni ya presha. Haina kilomita 2."

Nikasikia injini ikinyamaza. Nikamwambia asogee kando, awashe taa za tahadhari, asubiri kidogo, kisha achomoe kijiti. Kikavu. Nikamwuliza kama kabla ya kuzima alisikia mlio wowote wa chuma kugonga chuma. Akasema hapana, ilikuwa imetulia, ni taa tu.

Nimempa namba ya brekidauni na kumwambia asijaribu kuiwasha hata mara moja, hata kuisogeza. Gari litafikishwa langoni kwangu saa mbili asubuhi. Nimemtumia kijana wangu ujumbe aweke geji mezani.