Saidingi ya katani imepatikana, wiki tatu nilikuwa nafuata tuta siyo

Imepatikana bana! Wiki tatu nahangaika na saidingi moja tu, yaani reli ya pembeni ya kupakilia mabehewa, ya shamba la mkonge kati ya Muheza na Korogwe, kumbe muda wote nafuata kitu kingine kabisa.

Kwanza ramani ilinitesa. Ile ya zamani ya 1:50,000 niliyoiskani, nikiiweka kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, kila kitu kinakaa kaskazini magharibi ya mahali pake, zaidi ya mita 200, stesheni iko kwenye mahindi ya watu. Ramani imepimwa kwa mfumo wa zamani wa Arc 1960 na mimi nimeiambia programu ni WGS84, ule wa GPS, aibu yangu. Nikarekebisha, reli kubwa ikalala sawasawa juu ya picha ya setelaiti nikajua nimemaliza.

Wapi! Nikaenda na bodaboda, tuta la udongo la kupitishia reli nikaliona, limechongwa vizuri, lina kalvati ya mawe, na mataruma ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli, mawili matatu yamegeuzwa nguzo za banda la mbuzi. Nikalifuata kilomita moja na nusu mpaka magofu ya korona, kiwanda cha kuchakata mkonge. Safi, ila kuna kona moja ikanikataa, imekunja mno. Nikavuta tepu mita 20 ukingo kwa ukingo, katikati nikapima tumbo la kona, yaani kutoka tepu mpaka ukingo, mita 1.25. Sasa 20 mara 20, gawanya kwa nane mara 1.25, nusu kipenyo inakuja mita 40. Mita 40! Kichwa cha treni cha reli ya upana wa mita moja kinapitaje hapo? Nikarudia kupima mara tatu, siku mbili tofauti, jibu lilelile, nikaanza kuilaumu tepu.

Mpaka mzee mwenye mbuzi akatoka. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu, umepoteza nini? Nikamwambia natafuta njia ya mabehewa. Akacheka kwanza. "Hiyo ya toroli. Behewa halikuja huku, sisi ndo tulilifuata."

Daah. Na yale mataruma ya banda ni mafupi kwa reli ya mita moja, ningeyapima siku ya kwanza yangeniambia!

Ukifikiria ni hesabu rahisi tu. Jani la mkonge karibu lote ni maji na makapi, singa, zile nyuzi zenyewe, ni kama asilimia 4, nani atalipa treni ibebe makapi? Enzi hizo majani yalikuja korona kwa toroli za reli ya upana wa sentimita 60, singa zikaanikwa, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota ya kilo 250, halafu marobota ndo yalishuka stesheni kwa toroli na watu wakayahamishia kwenye behewa. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000, hayo ni marobota laki 8 na ushee, mengi ya Tanga, piga picha migongo ya hao watu. Halafu kamba za plastiki zikaja na bei ikaanguka.

Kwa hiyo saidingi haikuwa na haja ya kwenda mbali. Ipo palepale ubavuni mwa reli kubwa, jukwaa la mawe la kupakilia limezama kwenye nyasi, nimelipita mara nne nikikimbilia kule korona. Reli zimeng'olewa, ila kokoto ukichimba kidogo kwa kisigino unazikuta.

Na wanaosema GPS ya simu inatosha, haitoshi, chini ya miembe nukta zinaruka huku na huku. Nimeazima Garmin moja, kifaa cha GPS, kuukuu ya betri za kawaida, ina kioo kama saa ya mkononi lakini haiyumbi sana. Ingawa ukiniuliza leo nitakwambia nunua tepu ya fundi, ya mita 50, ya kitambaa siyo ya chuma.

Wikiendi ijayo ilikuwa zamu ya Mombo, ila Mombo isubiri. Tangu juzi usiku siangalii kingine ila Tengeni mpaka Sigi, ile reli ya Wajerumani ya kushushia magogo, upana sentimita 75, yaani iko katikati ya ile ya mita moja na ya toroli. Nataka kupima kona zake tu, tepu iko kwenye begi.