Nyumba Marekani: Kinachochelewesha Klozingi na Namna ya Kukikabili

Mkataba wa kununua nyumba Marekani hubeba tarehe ya klozingi, yaani siku ya kusaini na kukamilisha mauzo, mara nyingi siku 30 hadi 45 baada ya mnunuzi na muuzaji kutia saini. Tarehe hiyo husogea kwa sababu nyingi, lakini kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki mbili hutangulia nyingine zote: fedha ambayo benki haioni ilikotoka, na jina lisilofanana katika karatasi zote. Zote mbili zinarekebishika kabla hujaanza hata kuzunguka na dalali. Zikigundulika wiki ya mwisho, gharama yake ni kubwa.

Tuanze na fedha. Mchambuzi wa mkopo huomba taarifa za akaunti za miezi 2 ya karibuni na kuzisoma mstari kwa mstari. Kwa mikopo inayofuata kanuni za Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, kiasi chochote kilichoingia kwa mkupuo na kuzidi nusu ya kipato chako cha mwezi lazima kielezwe kwa ushahidi. Mwenye kipato cha dola 5,000 ataulizwa kuhusu dola 2,600 zilizoingia siku moja. Asipoweza kueleza, fedha hiyo huondolewa kwenye hesabu, na malipo ya awali yanaweza kupungua siku chache kabla ya kusaini.

Hapa ndipo upatu unapowakwamisha watu. Uite mchezo, chama au likelemba, ni fedha halali, na wengi wanaambiwa kimakosa kwamba haikubaliki. Inakubalika. Fannie Mae wanaitambua akiba ya pamoja ya jamii, na kanuni za FHA, idara ya serikali inayokatia bima mikopo ya nyumba, zinavitambua vikundi binafsi vya kuweka akiba. Wanachotaka ni maandishi: barua ya kijumbe au mweka hazina inayothibitisha kikundi kipo, kilianza lini na umepokea kiasi gani, daftari la michango, na ushahidi kwamba ulikuwa ukichangia kwa mpangilio. Michango iliyotumwa kwa simu au kwa benki huacha kumbukumbu, iliyotolewa mkononi haiachi. Kama umeshapokea na bado unadaiwa mizunguko iliyobaki, mchango huo wa mwezi huhesabiwa kama deni lako, kwa hiyo dola 500 za mchezo zinaweza kupunguza kiasi cha mkopo unachostahili. Maafisa mkopo wengi hawajawahi kukutana na jambo hili. Mwombe afisa wako aifungue kanuni yenyewe na aisome, asijibu kwa mazoea.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuiweka fedha benki mapema, ikae zaidi ya miezi 2 kabla ya maombi. Ila usiigawe fedha taslimu vipande vipande vya chini ya dola 10,000 ili benki isitoe ripoti kwa serikali. Kugawa kwa nia hiyo ni kosa la jinai la shirikisho, hata kama fedha ni ya jasho lako. Ripoti yenyewe haina madhara kwako, iache iandikwe. Vivyo hivyo ukisafiri na zaidi ya dola 10,000 taslimu, zitangaze forodha uwanja wa ndege na utunze karatasi.

Fedha ya kiwanja kilichouzwa Kigamboni au Kitengela ina utaratibu wake. Mnunuzi alipe kwenye akaunti yako wewe huko nyumbani, kisha fedha itoke kwenye akaunti hiyo moja kwa moja hadi akaunti yako ya Marekani. Utahitaji mkataba wa mauzo, ushahidi wa malipo, ushahidi wa hawala ya benki, na tafsiri ya Kiingereza ya kila karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Ikipitia simu ya kaka, kisha akaunti ya shemeji, mnyororo umekatika. Mara nyingi kinachobaki ni kuihesabu kama zawadi, na zawadi nayo inataka barua inayotaja kiasi, uhusiano wenu, anwani na simu ya mtoaji, na sentensi isemayo wazi kwamba fedha hairudishwi. Kama ni mkopo wa ndugu, usiandike ni zawadi. Huo ni udanganyifu mbele ya sheria.

Sasa majina. Pasipoti inasema Juma Ali Hassan, leseni inasema Juma Hassan, kadi ya hifadhi ya jamii (Social Security) ina Juma A. Hassan. Kampuni ya hati (title company), inayochunguza umiliki wa nyumba na kusimamia klozingi, hutafuta hukumu za mahakama na madeni ya kodi kwa jina, na majina yetu mengi yanabebwa na watu wengi katika kaunti moja. Hukumu ya mtu mwingine ikijitokeza, utatakiwa kula kiapo cha maandishi kwamba wewe si yeye, pengine na tarehe ya kuzaliwa na tarakimu za mwisho za namba yako ya hifadhi ya jamii. Pia majina huchujwa dhidi ya orodha ya vikwazo ya Wizara ya Fedha ya Marekani, na majina ya Kiislamu yanayojirudia huleta mlingano wa uongo. Waliokuja kama wakimbizi na kuandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari wana mzigo wa ziada, kwa sababu hata tarehe ya kuzaliwa haiwatenganishi vizuri na wengine. Dawa ni kumpa afisa mkopo, siku ya kwanza, orodha ya kila namna jina lako lilivyowahi kuandikwa, pamoja na nakala ya pasipoti na kitambulisho.

Kuhusu hadhi ya ukaazi, tangu tarehe 25 Mei 2025 FHA haipokei maombi mapya ya wakazi wasio wa kudumu, isipokuwa kundi dogo lililotengwa. Mwenye kibali cha kazi tu aulize mapema aina nyingine za mkopo, kabla ya kutoa arbuni.

Kazi nayo huangaliwa tena mwishoni. Kwa mwajiriwa, mkopeshaji huthibitisha ajira ndani ya siku 10 za kazi kabla ya kusaini. Dereva wa lori anayehama kutoka W-2 (fomu ya kodi ya mwajiriwa) kwenda 1099 (fomu ya anayelipwa kama mkandarasi) katikati ya maombi anageuka mtu aliyejiajiri, na kwa kawaida waliojiajiri hudaiwa historia ya miaka 2. Hapo faili haicheleweshwi, inakufa. Subiri upate ufunguo ndipo uhame. Likizo ndefu isiyo na malipo ya kwenda nyumbani Desemba huleta shida ya namna hiyo hiyo, na gari jipya la mkopo vilevile, kwa sababu madeni huangaliwa upya siku za mwisho.

Upande wa nyumba yenyewe, mthamini anaweza kuleta thamani ndogo kuliko bei. Chaguo ni muuzaji ashushe, wewe uongeze fedha taslimu, mgawane, au kuomba thamani ipitiwe upya kwa kuleta mauzo ya jirani yanayofanana. Kwa FHA, nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 yenye rangi inayobanduka lazima irekebishwe, kisha ukaguzi urudiwe. Fundi, rangi, miadi ya mthamini: tayari siku 10 zimekwenda. Kwenye hati, yanayokwamisha zaidi ni mkopo wa zamani uliolipwa lakini kufutwa kwake hakukusajiliwa, deni la fundi wa paa, na mmiliki aliyefariki huku mirathi haijakamilika. Hili la mwisho ni la miezi, si la siku. Ndiyo maana utafutaji wa hati uagizwe wiki ya kwanza, usingoje mkopo upite.

Mwenza aliyeko Dar au Nairobi ni jambo la kuuliza mapema, hasa Texas na majimbo mengine ambako mali ya ndoa ni ya wote wawili. Huko FHA huhesabu madeni ya mwenza hata kama hayumo kwenye mkopo, na saini yake inaweza kuhitajika. Hati ya uwakili ataisaini ubalozi wa Marekani kwa miadi, dola 50 kwa kila muhuri. Rasimu ipitishwe kwanza na kampuni ya hati, itaje nyumba yenyewe, na karatasi halisi ifike kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi. Nakala ya picha kwa WhatsApp haitasajiliwa.

Ukikaribia mwisho, iko kanuni ya siku 3. Taarifa ya mwisho ya gharama lazima uipokee siku 3 za kazi kabla ya kusaini. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili na sikukuu za shirikisho hapana. Ukiipokea Alhamisi, unaweza kusaini Jumatatu. Ikija kwa barua pepe, ifungue na uthibitishe kuipokea siku hiyo hiyo, la sivyo unaweza kuhesabiwa umeipokea baadaye. Siku 3 huanza upya ikiwa aina ya mkopo imebadilika, ikiongezwa faini ya kulipa mapema, au kiwango cha jumla cha gharama ya mkopo kwa mwaka (APR) kikipanda kupita asilimia 0.125 kwa mkopo wa kawaida wa riba isiyobadilika. Marekebisho madogo mengine hayaanzishi hesabu upya, kwa hiyo anayekwambia kila badiliko linarudisha siku 3, mwombe akuoneshe.

Ukishaona tarehe haifikiki, kazi ya kwanza ni nyongeza ya muda kwa maandishi, iliyosainiwa na pande zote kabla tarehe ya zamani haijapita. Ujumbe wa dalali kwenye simu hautoshi, na arbuni yako iko hatarini. Omba siku zinazotosha mara moja, na utaje sababu na karatasi inayosubiriwa. Muuzaji anaweza kudai malipo kwa kila siku, hilo linajadiliwa. Kazi ya pili ni riba, ambayo mkopeshaji huifunga isibadilike kwa muda maalum: uliza kipindi ilichofungiwa kinaisha lini, kuongeza siku kunagharimu kiasi gani, na kama kosa ni la mkopeshaji, dai alipe yeye. Ya tatu ni pango. Usimpe mwenye nyumba notisi inayoishia siku ya klozingi. Jadili kuendelea mwezi kwa mwezi.

Siku ya kutuma fedha, piga simu kampuni ya hati kwa namba uliyoipata mwenyewe tangu mwanzo na mthibitishe namba ya akaunti kwa mdomo. Barua pepe inayosema akaunti imebadilika dakika za mwisho ichukulie kuwa ya matapeli. Tuma siku moja kabla ikiwezekana, kwa sababu benki hufunga hawala mchana, na hawala ya Ijumaa iliyochelewa hufika Jumatatu. Katika California na majimbo mengine kadhaa, kusaini na kupata ufunguo si siku moja: mkopo hutolewa baada ya kusaini, hati husajiliwa, ndipo ufunguo hutoka. Gari la kuhamisha vyombo likodiwe kwa kufuata siku hiyo ya usajili.