Mashua Haina Matairi

Meli iliingia alfajiri, ikapita pale Magogoni, Dar es Salaam, huku pantoni la Kigamboni likiisubiri. Mwaka 2011 nilikuwa na miezi mitano tu katika kazi ya kuongoza watalii, na ile kadi shingoni ilishanifanya nijione nimefika. Wageni wangu walikuwa kumi na mmoja, wazee watupu, wengi wao Wajerumani. Walitaka Saadani. Walikuwa wamesoma kwamba ndiyo hifadhi ya taifa inayogusana na Bahari ya Hindi, wakaiota safari nzima. Lakini kwenda na kurudi kwa gari ndani ya siku moja, na saa kumi na moja jioni wawe wamesharudi melini? Ofisi ikawapa Mbudya, kisiwa cha eneo tengefu la bahari pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini.

Ratiba ilipangwa na mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi: saa tatu na nusu Kunduchi, saa nne kisiwani. Hakutazama mwezi. Mimi pia sikutazama, ingawa usiku wa jana yake ulikuwa mpevu na niliuona kwa macho yangu nikirudi nyumbani.

Tulipofika, bahari haikuwepo. Mbele yetu palikuwa na mchanga, tope na majani ya baharini, na mashua yetu imelala ubavu, kamba ya nanga imelegea kama ya kuanikia nguo. Nahodha alikuwa kivulini anakunywa kahawa.

"Shikamoo mzee. Tunaondoka saa ngapi?"

"Marahaba. Maji yakirudi."

"Wageni wana haraka, mzee."

"Nawaona. Lakini mashua, mwanangu, haina matairi."

Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji ya Dar hukupwa hasa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, yakajaa tena alasiri. Mtoto yeyote wa Kunduchi anajua. Mimi ni wa Manzese.

Mzee mmoja akaanza kugonga saa yake kwa kidole, akinitazama. Nikawapeleka kwenye magofu, kwa kukosa la kufanya. Kuna msikiti uliobaki kuta, na makaburi yenye nguzo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za Kichina. Bibi mmoja mfupi akaingiza kidole gumba kwenye shimo la mviringo palipokuwa na bakuli, akakizungusha polepole, akauliza ilivunjika au iliibwa. Nikajibu vyote viwili. Nadhani sikukosea.

Kisha yule bibi akavua viatu bila kuniuliza, akashuka kwenye tope. Wenzake wakamfuata. Kule mbali akina mama walikuwa wameinama, ndoo mkononi, wanachokoa mashimo kwa vijiti. Mmoja akamtoa pweza, rangi ikimbadilika toka kahawia kuwa nyeupe, mikono yake imemganda mpaka kwenye kiwiko. Akamnasua mkono mmoja mmoja, kila mmoja ukitoa mlio kama wa busu, kisha akamchapa juu ya jiwe mara nyingi ili alainike. Hata mzee wa saa alinyamaza. Sikutafsiri chochote, yule mama alizungumza Kiswahili, bibi Kijerumani, na walielewana kuliko nilivyoelewana na ofisi yangu.

Maji yakarudi kimyakimya. Saa saba mashua ikasimama yenyewe. Mbudya tulikaa kama saa moja na robo: mibuyu, samaki wa kukaanga na chipsi chini ya banda la makuti, kuogelea kidogo, haya twendeni.

Foleni ya Mwenge siisimulii. Tulifika bandarini zikiwa zimebaki dakika nane, dereva amelowa shati, na kwenye korido ya Coaster pamejaa mchanga, tope na gamba moja la chaza. Mzee wa saa aliandika malalamiko kwamba kisiwani muda ulikuwa mfupi. Alikuwa na haki.

Wiki iliyofuata ikaja meli nyingine. Kabla ya kupokea ratiba nilimpigia nahodha.

"Bamvua, mzee?"

"Maji mafu, hayakupwi sana. Walete."